Injini Aliyoiosha Mama Povu

Mama Povu hakuwahi kukalia kitu ambacho hakukipangusa kwanza. Hata ungemkaribisha kwenye kiti kipya, nailoni ya dukani haijatolewa, angeinama, angekunja ncha ya mtandio wake, angepangusa, ndipo akae na kukushukuru. Wapo waliochukia. "Kwani kwangu umeona uchafu?" wakamuuliza. Naye akajibu, "Si wewe mwanangu, ni mkono huu. Unajiendea wenyewe."

Mkono ule ulianza kazi zamani. Mama yake alikuwa dobi, na bibi mzaa mama alikuwa dobi pia. Siku aliyomaliza shule ya msingi, kalamu bado ina wino, alirudi nyumbani akakuta karai lake mwenyewe limeshanunuliwa na kuegeshwa ukutani pamoja na makarai ya wakubwa. Hakulia, ingawa alikuwa wa kwanza kwa hesabu na mwalimu wake alikuja mara mbili kuzungumza na wazazi. Alilichukua karai, akaligeuza, akaona kutu kidogo chini, akaanza kulisugua. Mama yake akamwambia dada yake, "Huyu hatatuaibisha."

Na kweli hakuwaaibisha. Alifua shuka za wagonjwa na mashati ya makarani, mapazia ya ofisini na nguo za watoto wachanga. Aliwajua watu wa mtaa ule kwa madoa yao. Alijua nani anakula kitandani, nani anarudi amelewa na kusema ameanguka, na mke gani analia juu ya mto wake ilhali mchana anacheka kuliko wote. Hakumwambia mtu. Alikuwa akisema kwamba dobi mwenye mdomo hukosa nguo za kufua, na siri za watu huenda na maji. Jina la Mama Povu alipewa na watoto wa mtaani, kwa kuwa kila asubuhi povu lilitoka chini ya geti lake, likashuka na mfereji mpaka barabarani, nao wakalirukaruka wakienda shule.

Mumewe alikuwa dereva, mtu wa mizaha. Akiulizwa kwa nini huamka alfajiri hata siku ya mapumziko, alijibu, "Nikichelewa nitalowekwa pamoja na shuka." Ndiye aliyenunua lile gari dogo la mizigo, lile ambalo injini yake imekaa chini ya kiti cha dereva. Unainua kiti kama unavyoinua kifuniko cha sanduku, injini hiyo hapo. Nyuma mlikaa mafurushi ya nguo safi, yamefungwa kwa shuka kuukuu. Mume akifika kwa wateja alipiga honi mara moja tu, akasema kufua kwa mkewe kunajitangaza kwenyewe.

Alipofariki, watu walimshauri Mama Povu auze gari. Hakuuza. Binti yake, kitinda mimba, alijifunza kuendesha, wakaendelea. Kazi kubwa ilikuwa ile ya nyumba ya wageni iliyokuwa juu ya kilima, upande wa pili wa mji. Shuka zake zilikuwa nyingi kuliko za wateja wengine wote kwa pamoja. Bila gari, shuka zile zisingepanda kilima wala kushuka, na bila shuka zile, karai la Mama Povu lingebaki kuloweka soksi za majirani.

Siku injini ilipokufa haikufa kwa kelele. Ilikohoa kidogo kilimani, ikanyamaza, kama mzee aliyekuwa akisimulia jambo akapitiwa na usingizi. Binti akawasha, akawasha tena. Hakuna kitu.

Akaitwa Fundi Kesho. Huyu alikuwa mtoto wa dada wa marehemu, na jina lake alilipata kwa haki, maana gari lolote ukilipeleka kwake lilikuwa tayari kesho. Kwa Mama Povu, mkaza mjomba wake, alikuwa na ruhusa ya utani, na hakuiacha ikae bure hata siku moja. Aliinua kiti, akachungulia, akagonga hapa na pale, akasimama na kuvua kofia.

"Mama, pole. Hii imekwenda kumfuata mjomba."

"Nyamaza, mwanaharamu wewe," Mama Povu akasema, lakini alicheka, na alipomaliza kucheka akajiona amechoka.

Injini mpya ilikuwa ndoto ya matajiri. Wakaenda kwa Bwana Gia, aliyeuza injini zilizokwishatumika. Duka lake lilikuwa ukumbi mrefu wenye sakafu nyeusi ya oili, na injini zimepangwa pande zote mbili juu ya matairi ya zamani, kila moja imeandikwa bei kwa chaki ubavuni. Mbele kulikuwa na meza ya kioo na benchi la wateja, ambalo Mama Povu alilipangusa kabla ya kukaa. Bwana Gia, mtu wa makamo mwenye tumbo la kutosha na macho yasiyolala, aliwasha injini moja kwa betri ya dukani ili waisikie. Ikanguruma vizuri. Akatoa kikopo cha rangi ya njano na brashi ndogo, akapitisha mstari juu ya kila nati kubwa, kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma chenyewe, hivi kwamba ukiigeuza nati kidogo tu, mstari unakatika.

"Mama, nakupa dhamana," akasema. "Ikikusumbua ndani ya miezi mitatu, irudishe, nakupa nyingine bila maneno. Ila fundi yeyote asifungue nati zenye alama. Alama zikiharibika, sikujui, hunijui. Imeandikwa hapa kwenye kadi."

"Hakuna atakayefungua," Mama Povu akasema, na alimaanisha hivyo hasa.

Injini ikafika nyumbani kwa mkokoteni. Fundi Kesho akasema ataifunga kesho. Ikawekwa uani, katikati ya kamba za nguo, nyeusi tii, inang'aa mafuta, imeganda vumbi la barabara za nchi ambazo hakuna aliyezijua. Juu yake zilining'inia shuka nyeupe. Upepo ulipovuma, shuka moja ikashuka kuinusa, ikarudi juu. Mama Povu akaisogeza shuka. Akaingia ndani kunywa chai. Akatoka tena. Akaizunguka injini kama mtu anayemzunguka mgeni asiyejua amweke wapi.

Kitu kile kingekaa ndani ya gari la marehemu. Kingekaa chini ya kiti alichokikalia mumewe, hatua moja tu kutoka kwenye mafurushi yake. Chafu namna ile?

Akaziba matundu yote kwa nailoni na kamba, maana hakuwa mjinga. Akaleta mafuta ya taa, brashi ya waya, magadi na maji ya moto. Akasugua mchana kutwa. Kila kona, kila mfereji, kila nati. Mistari ya njano ilimsumbua kidogo kwa sababu rangi ilikuwa imeshika, lakini Mama Povu alikwishatoa wino, kutu na damu, rangi ingemshinda? Jioni injini ilikuwa imekaa uani, ya kijivu, safi, mtu angeweza kuweka mkate juu yake.

Fundi Kesho alipokuja alisimama getini akashika kiuno.

"Mama, hii tunaifunga au tunaioza? Mbona umeipamba kama bibi harusi?"

"Kazi yako ni kufunga. Funga."

Akainama, bado anacheka. Kisha kicheko kikakatika. Akaizunguka. "Alama ziko wapi?"

"Alama gani?"

"Za njano. Za Bwana Gia."

"Ule uchafu?" Mama Povu akasema.

Fundi Kesho akakaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akamtazama mkaza mjomba wake kwa muda, akatikisa kichwa. "Basi tuombe Mungu injini iwe nzima," akasema. "Maana ikiwa mbovu, hakuna binadamu atakayeamini ulichofanya. Hata mimi ninayekujua nashindwa."

Mwanzoni ilionekana Mungu amesikia. Gari lilipanda kilima bila kunung'unika, na binti akawa anaimba akiendesha. Kisha siku moja mwenye nyumba ya wageni aliwapokea mlangoni badala ya kumtuma mfanyakazi. Alikuwa mwanamke mpole, wamejuana miaka, wakiitana dada.

"Dada, usichukie," akasema. "Wageni wangu wananiuliza kama shuka hizi zinakaushwa jikoni."

Mama Povu akachukua shuka ya juu akainusa. Hakuhitaji kuinusa mara ya pili. Harufu ya oili iliyoungua, nyembamba, imejificha nyuma ya harufu ya sabuni kama mtu mzima aliyejificha nyuma ya pazia. Miaka yote ile, hakuna furushi lililowahi kurudishwa. Alijua hata mama yake hakuwahi kurudishiwa. Akayabeba mafurushi yote mwenyewe mpaka garini, akakataa kusaidiwa, na kule garini akakaa huku moshi wa buluu ukiwafuata kutoka nyuma kilima kizima.

"Dada," mwenye nyumba alikuwa amemwambia wakiagana, "nitakusubiri mpaka mwisho wa mwezi. Wale wa mashine wamekwishaniletea kadi yao. Sitaki kwenda kwao. Lakini wageni ni wageni."

Fundi Kesho alitoa plagi moja akamwonyesha. Ilikuwa nyeusi, imelowa. "Inakula oili. Ringi za pistoni zimekwisha. Injini hii ilichoka kabla hujaiona, Mama. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Basi tunarudisha. Dhamana bado ipo."

"Kwa alama zipi?"

 Kwenye kamba zilining'inia shuka zile, zimefuliwa kwa mara ya pili, bure. Fundi Kesho akajikuna shingo, akasogea karibu.

"Rangi ya njano inauzwa hapo dukani kwenye kona. Kikopo kidogo tu. Mimi napaka sasa hivi, mchana inakauka, kesho tunakwenda. Na hatutakuwa tumemwibia mtu, Mama. Injini ni mbovu kweli, nati hazikufunguliwa kweli. Tunarudisha tu kilichokuwepo."

"Maisha yangu yote nimetoa madoa ya watu," Mama Povu akasema. "Leo nikapake la kwangu?"

"Haya. Tuone heshima itapanda kilima na shuka."

Wakaenda na gari, linafuka njia nzima. Bwana Gia aliinua kiti, akamulika kwa tochi. Akamulika tena. Akazima tochi taratibu.

"Mama, alama zangu?"

"Nilizisugua."

"Ulizisugua."

"Niliosha injini. Ilikuwa chafu. Hakuna nati iliyofunguliwa, mwanangu. Ulinikataza kufungua, hukunikataza kuosha."

Bwana Gia akawatazama wateja wengine waliokuwa ukumbini, kama mtu anayetafuta mashahidi. "Mmesikia? Kaiosha! Miaka yote niko kwenye vyuma hivi, sijaona mtu ananunua injini akaiosha kwa sabuni kama mtoto." Wateja wakacheka. Kisha sauti yake ikashuka. "Mama, sikiliza. Mwaka jana mtu mzima, mvi kichwani, alikaa hapo hapo ulipo. Akaniapia kwa wazazi wake waliokufa. Nikambadilishia. Kumbe alitoa matumbo ya injini yangu yote, akatia ya kwake mabovu. Tangu siku hiyo siamini mvi, siamini machozi. Naamini rangi."

"Mimi si yule."

"Na yeye alisema hivyo hivyo."

Fundi Kesho akaingilia, akasema mengi, na kila alichosema kiliharibu, kwa sababu fundi ndiye mshukiwa wa kwanza. Wakatoka.

Mama Povu alirudi peke yake siku iliyofuata, kwa miguu, kwa kuwa gari alikuwa amekataza liwashwe likiwa na nguo au bila nguo. Bwana Gia akamwambia yale yale kwa maneno machache zaidi. Akarudi tena. Sasa Bwana Gia alimwonyesha benchi kwa kidevu tu, akaendelea na wateja wake. Mama Povu akapangusa, akakaa. Alikaa mpaka duka likafungwa. Kesho yake vivyo hivyo. Hakugombana, hakulia, hakumlaani mtu. Alikaa tu, mkoba mapajani, akitazama injini na chaki zake, na miguu yake ikivimba ndani ya viatu. Wateja wa kila siku wakaanza kumsalimia. Mmoja akamuuliza kama yeye ni mama mzazi wa Bwana Gia. Bwana Gia akajibu kutoka nyuma, "Mama yangu angekuwa na huruma zaidi."

Nyumbani mambo yalikuwa maji ya shingo. Binti na jirani mmoja walikuwa wakisukuma mafurushi kilimani kwa mkokoteni, wakifika wamelowa jasho, na shuka za chini zimeingia vumbi. Jioni moja binti alikaa mlangoni, viganja vimechubuka, akasema bila kumtazama mama yake:

"Mama, hivi ukipakwa ule mstari wa njano, nani atakufa?"

Mama Povu alikuwa anakunja shuka. Akaendelea kukunja mpaka ncha zikakutana sawasawa.

"Mwambie alete," akasema.

Fundi Kesho kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema kesho. Alileta kikopo kidogo na brashi saa ile ile, akataka kuanza. Mama Povu akamwambia aviweke dirishani, atapaka mwenyewe asubuhi, kwa kuwa ni yeye aliyefuta. Asubuhi aliamka, akainua kiti cha gari, akaiangalia injini. Bado ilikuwa safi juu, pamoja na uchafu wote uliokuwa tumboni mwake. Akashika brashi. Akaona jinsi mkono wake utakavyopitisha mstari, na jinsi utakavyoupitisha vizuri, maana mkono ule ulikuwa haujui kufanya kazi mbaya. Akachoka. Hakushindwa na dhamiri peke yake, wala hakujisifu hivyo baadaye. Alichoka tu, uchovu wa kutoka kwenye mifupa, akafikiri: nikipaka itanibidi nimtazame yule bwana usoni nimwambie maneno, na sina nguvu za kukumbuka uongo. Akarudisha brashi dirishani. Kikopo hakukifungua.

Nitakwenda leo tu, akajiambia. Akikataa, nitauza karai.

Siku ile Bwana Gia hakumwonyesha benchi kwa kidevu. Alikuwa na haraka, ameitwa bandari kavu kupokea mzigo. Akamwambia, "Mama, mimi natoka. Duka lina mlinzi nje. Ukitaka kukaa, kaa. Jibu langu unalijua," akaenda zake.

Mama Povu akakaa. Ukumbi ulikuwa kimya. Jua liliingia kwa dirisha la juu, likaangukia injini zile, na kwenye jua vumbi lilionekana zaidi. Akafikiria nyumba ya wageni. Akafikiria mumewe na honi yake moja. Akafikiria mama yake, aliyekufa mikono ikiwa imekunjamana kama iliyotoka majini dakika ile. Mawazo yalikwenda mbali, akayafuata. Alisimama kidogo kunyoosha miguu, akatembea ukumbini polepole, akarudi, akatembea tena, mawazo yakaenda naye. Mwisho akakaa, akasinzia.

Aliamshwa na kelele.

"Nani kafuta bei zangu?"

Bwana Gia alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, mikono kichwani. Upande wote wa kulia, injini na gia boksi, hapakuwa na chaki hata moja. Ubavu wa kila chuma ulikuwa umepanguswa, umebaki na alama ya duara inayong'aa kidogo.

"Mlinzi! Nani kaingia humu?"

"Hakuna mtu, bosi," mlinzi akasema kutoka mlangoni. "Ni mama tu."

Bwana Gia akamgeukia, uso umewaka. "Kumbe ndiyo hivyo! Nimekukatalia, ukaona uniharibie kazi? Mtu mzima na mvi zako! Nilikuachia duka langu kwa heshima!"

"Mimi?" Mama Povu akasema. Alikuwa bado na usingizi. "Mimi nimekaa tu hapa. Sijagusa kitu chako."

Alisema kweli anayoijua. Lakini Bwana Gia hakuwa anamtazama usoni tena, alikuwa anatazama mtandio wake. Mama Povu naye akashusha macho. Ncha ya mtandio, ile aliyoivaa nyeupe asubuhi, ilikuwa nyeusi tii, imechanganyika na unga wa chaki. Akaishika. Akaitazama upande huu na upande ule, kama nguo ya mteja asiyemjua.

"Loo," akasema kwa sauti ndogo. "Jamani. Hata sikuona."

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Wizi alisingiziwa na hakuinamisha kichwa, lakini hili aliinamisha. Akaanza kukusanya mkoba wake. "Nisamehe, bwana. Ni mkono huu. Nakwenda. Sitarudi tena."

 Bwana Gia alikuwa ameanza kutembea, akipita injini moja baada ya nyingine, akigusa vile viduara kwa kidole. Alifika mwisho wa mstari akakuta hata pete ya chuma ya kufungia mlango imepanguswa. Akarudi. Akatazama benchi, akatazama meza yake ya kioo, ambayo sasa tu aligundua kwamba siku zote hizi ilikuwa inaonyesha mpaka ndani. Akajiachia kwenye kiti chake, kikalia.

"Kwa hiyo uliiosha kweli," akasema.

"Nilikwambia."

"Uliniambia." Akajipangusa jasho. Akaanza kucheka, lakini kicheko cha mtu aliyechoka, kinachotoka puani. "Mama, wewe una ugonjwa."

"Najua, mwanangu. Kwetu ni wa kurithi."

"Na mume wako aliishije?"

"Aliamka mapema."

Hapo Bwana Gia alicheka kwa mdomo mzima, na mlinzi akachungulia kuona kumetokea nini. Kisha akakumbuka bei zake, akashika tena kichwa. "Na hizi sasa? Mimi napanga bei kwa kuangalia siku hiyo ilivyo, sina mahali nimeandika. Nitajuaje?"

"Lete chaki," Mama Povu akasema.

Alikuwa amezitazama bei zile siku nyingi kuliko mtu anavyotazama picha ya ukutani. Wakapita wote wawili, yeye anataja, Bwana Gia anaandika. Mahali pamoja Bwana Gia akaongeza kidogo kwa mkono mwepesi. Mama Povu akakohoa.

"Hiyo ilikuwa chini ya hapo."

"Mama, si uniache nipate hata soda?"

"Andika ilivyokuwa."

Akaandika ilivyokuwa.

Injini nyingine aliichagua Bwana Gia mwenyewe, akaiwasha, akamwita Fundi Kesho aje aisikilize hadi aridhike. Akapaka mistari yake ya njano, minene safari hii. Akageuka na kumnyooshea Mama Povu brashi. "Sasa sikia. Hii haioshwi, haipanguswi, haipulizwi vumbi. Dhamana ikiisha, hata ukitaka ipikie sabuni. Lakini kabla ya hapo, mkono wako na injini yangu visikutane. Ukiona anashindwa, mfunge kamba," akamwambia Fundi Kesho.

"Hilo nitalifanya leo leo," Fundi Kesho akasema.

Gari likapanda kilima bila moshi. Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa umepita, na mwenye nyumba ya wageni alikuwa amekwishawapa wale wa mashine shuka za ghorofa ya chini. Alimwambia Mama Povu kwa uchungu, akimshika mkono. Za ghorofa ya juu zilibaki kwake. Mama Povu alizichukua, akashukuru. Usiku alimwambia binti yake kwamba nusu ya mzigo pia ni mzigo, na kwamba viganja vyake vinahitaji kupona. Binti akasema sawa, Mama. Hawakulizungumza tena.

Kwa muda wote wa dhamana Mama Povu alisafiri akijua kuna uchafu chini ya kiti. Alikaa upande wa abiria, mikono ameikalia. Gari likisimama kwa mteja, binti alishuka na funguo, kwa usalama. Majirani walimtania, wakamuuliza bibi harusi mpya anaendeleaje, amekwisha koga? Yeye akajibu, "Bado yuko eda." Lakini ndani mwake kiti kile kilimwasha kama upupu.

Siku dhamana ilipoisha aliamka kabla ya jua. Binti alipotoka alimkuta mama yake uani, kiti cha gari kimeinuliwa, ndoo ya maji ya moto inafuka chini, brashi ya waya mkononi, chupa ya mafuta ya taa pembeni. Injini ilikuwa chafu jinsi inavyopasa kuwa. Mistari ya njano ilikuwa juu ya nati, mizima, hakuna hata mmoja uliokatika.

Mama Povu alikuwa anaitazama tu.

"Mama, huoshi?"

 Akainama, akaleta pua karibu na chuma, akanusa kwa muda mrefu, jinsi anavyonusa shuka kabla ya kuikunja.

"Hainuki," akasema.

"Hainuki, ndiyo."

"Basi iache." Akashusha kiti. Kikafunga kwa mlio ule ule wa siku zote.

Maji yalikuwa bado ya moto kwenye ndoo, na hakuwa mtu wa kumwaga maji yaliyochemshwa. Akavuta kile kigoda cha kufulia, akakikalia bila kukipangusa, akavua ndala, akatia miguu yote miwili ndani ya ndoo. Ilikuwa bado imevimba. Binti akaanza kupakia mafurushi, na safari hii mama yake alimwacha ayapakie peke yake.